Jina Kubwa Haliendeshi Baiskeli: Maneno kwa Familia Zilizohamishwa na Viongozi Wao

 

Mmesikia kwamba marafiki zetu wa mbali wanataka kuendesha baiskeli mwendo mrefu ili kuchangisha fedha kwa kazi ya amani na masomo ya watoto wenu. Mmesikia pia kwamba tunatafuta watu mashuhuri wawaunge mkono: waimbaji, wachezaji wa mpira, watu wa televisheni. Wengine wenu wametuuliza: "Mwimbaji anajua nini juu ya njaa yetu?" Swali hilo ni la haki, na ndilo limetuleta hapa.

Kwa nini tunawatafuta? Mtu asiyejulikana akipanda baiskeli, wanaochanga ni jamaa na jirani zake. Machi 2010, mchekeshaji David Walliams na wenzake wa televisheni walipokezana baiskeli kutoka John o'Groats, kaskazini mwa Scotland, hadi Land's End, kusini mwa Uingereza, kwa siku nne za baridi. Zilipatikana zaidi ya pauni milioni 1. Watu walitoa kwa sababu walimwona mtu wanayemjua akichoka kwa ajili ya wengine. Na haikuwa mara yake ya kwanza: mwaka 2006 aliogelea bahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kusudi kama hilo. Anayekuja kupiga picha na kuondoka, watu hawamwamini.

Lakini mfano unaotugusa zaidi unatoka Ghana. Emmanuel Ofosu Yeboah alizaliwa na mguu mmoja wenye ulemavu. Alikwenda Accra akasafisha viatu, wala hakukubali kuombaomba barabarani. Aliandikia shirika moja la Marekani linalosaidia wanamichezo walemavu. Hakuomba pesa, aliomba baiskeli. Akaivuka nchi yake kwa nguvu ya mguu mmoja, kilomita zipatazo 600, ili walemavu waheshimiwe. Mwaka 2005 ilitoka filamu juu yake, na Oprah Winfrey akaisimulia kwa sauti yake. Mwaka 2006 Ghana ikapata sheria ya walemavu. Ndugu, baiskeli ilitangulia. Jina kubwa likafuata.

Kwa hiyo kabla hatujaandika barua hata moja, tunaomba shauri lenu juu ya mambo manne.

La kwanza, barua ianze na maneno yenu. Iwe fupi: safari ni ya umbali gani, lini, fedha zitafanya nini, na tunamwomba nini huyo mtu. Tumtafute mwenye sababu moyoni. Marehemu Dikembe Mutombo, mchezaji wetu wa mpira wa kikapu, alijenga hospitali Kinshasa na kuipa jina la mama yake. Hakuhitaji kubembelezwa, uchungu ulikuwa wake mwenyewe.

La pili, tusimkaribishe yeyote aliyeimba au kusema kwa kusifu kundi lenye silaha au kutukana kabila lolote. Pesa zake zingeweza kuwa nyingi, lakini zingetugawanya hapa hapa tulipoketi.

La tatu, picha. Mtoto asipigwe picha bila mzazi kukubali. Majina yenu, na mahali mnapolala, yasiandikwe kokote. Mliwakimbia watu, na watu hao nao wanasoma.

La nne, hesabu isomwe mbele yenu, kwa lugha mnayoielewa: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Mama asiyejua kusoma awe na haki ya kuuliza.

Wale wanaotoka upande wa Goma wanajua chukudu. Ikibeba viazi na mkaa, yule aliye mbele hushika usukani, lakini mlimani haipandi bila wanaosukuma nyuma. Mtu mashuhuri anaweza kushika usukani kwa siku chache. Mzigo ni wenu, na njia mnaijua ninyi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tunawaachia muda mkae, wanaume, wanawake na vijana, mshauriane. Mkisema ndiyo, tutaandika pamoja nanyi. Mkisema hapana, barua haitatoka, na sisi tutabaki marafiki zenu.