Duka la Programu Likikataa Kukufungulia: Anza na Saa, Usikimbilie Kufuta Kompyuta

 

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo mpaka limfikie mtu mwenyewe: kompyuta imepata toleo jipya, kila kitu kinaonekana sawa, lakini duka la programu linakataa kumtambua mwenye kompyuta.

Chukua mfano wa mama mwenye kibanda cha kupiga chapa na kutoa nakala sokoni. Kompyuta yake ni ya mezani, ya mtumba, zile zinazoitwa ex-UK. Jioni moja skrini ikamwambia kwamba Windows 11 iko tayari. Akakubali, akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Kulipokucha kazi ilikuwa imekwisha. Akaizima, akaichomoa ukutani, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akaiwasha tena. Faili zake zote zilikuwepo. Alipofungua Microsoft Store achukue programu anayoihitaji, duka likamtaka aingie kwenye akaunti yake. Akaandika nywila. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha ujumbe ukaja kwamba kuna hitilafu, ajaribu tena baadaye. Akajaribu mara tano. Nje kuna kijana anayesubiri kuchapishiwa barua ya kuomba kazi. Jirani akamshauri: "Futa kila kitu, weka Windows upya."

Ushauri huo ndio hatari kuliko hitilafu yenyewe. Mara nyingi tatizo la kuingia dukani huisha kwa dakika chache bila kufuta kitu. Anayefuta kwanza na kuuliza baadaye anaweza kupoteza kazi ya miaka.

Kwa nini wengi wanapatwa na jambo hili sasa

Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo, ila zilikoma kupokea marekebisho ya usalama ya kawaida. Waliojisajili kwa huduma ya nyongeza walipewa muda hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Wengine wamehamia Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ikiwa kompyuta zao zina uwezo: angalau GB 4 za kumbukumbu, GB 64 za hifadhi, na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0.

Kuhama huko ni kama kuhamia nyumba mpya. Vyombo vinafika, lakini bawabu hakujui bado. Anataka umthibitishie kwamba wewe ni wewe.

Jambo la kwanza ni saa

Watu wengi hawaamini kwamba saa ya kompyuta inaweza kumfungia mtu nje ya duka. Ndivyo ilivyo. Kompyuta inapowasiliana na duka, huangalia kwanza cheti cha usalama cha upande wa pili, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani huu ni mwaka 2015 itakiona cheti cha leo kama kitu ambacho hakijaanza kutumika. Itakikataa, na wewe utaambiwa tu kwamba kuna hitilafu.

Katika kompyuta za mezani zilizotumika miaka mingi, chanzo huwa ni betri ndogo ya duara kama sarafu, iitwayo CR2032. Hiyo ndiyo inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikiisha nguvu, kila ukichomoa kompyuta ukutani, au stima ikipotea, tarehe inarudi nyuma. Hilo ndilo lililompata mama wa kibanda. Aliilaumu Windows mpya, kumbe kuichomoa ndiko kulikorudisha saa nyuma.

Basi fungua Settings, nenda Time & language, kisha Date & time. Hakikisha eneo la saa ni Nairobi, yaani UTC+03:00. Kama mwaka au siku si sahihi, zima kwanza saa ya kujirekebisha, iweke sawa kwa mkono, halafu irudishe ijirekebishe yenyewe. Zima kompyuta na uiwashe tena, kisha jaribu duka. Kama kesho yake saa imerudi nyuma tena, fundi abadilishe betri hiyo. Ni kazi ndogo.

Jambo la pili ni intaneti

Duka likigoma, fungua tovuti nyingine yoyote ambayo hukuifungua siku hiyo. Isipofunguka, shida ni bando au mtandao, wala si akaunti. Anayetumia intaneti ya simu yake ajue pia kwamba kompyuta inaweza kuahirisha kupakua vitu vikubwa ikiambiwa kwamba intaneti hiyo ni ya kupimiwa. Hapo haijaharibika, inakuhurumia bando tu.

Jambo la tatu ni kujua mlango unaobisha

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kuingia kwenye kompyuta na kuingia kwenye duka ni milango miwili tofauti. Ile PIN ya tarakimu nne au sita unayobonyeza asubuhi hufungua kompyuta hiyo peke yake. Akaunti ya Microsoft ina barua pepe na nywila yake, na hiyo ndiyo duka linaiuliza. Mtu anaweza kutumia PIN miaka mitatu bila kukumbushwa nywila, mpaka siku ya toleo jipya.

Fungua Settings, kisha Accounts, halafu Your info. Ukiona neno Verify, kompyuta inakuomba uthibitishe kwamba ni wewe. Libonyeze na ufuate maelekezo. Utatumiwa nambari ya uthibitisho kwa simu au kwa barua pepe. Baada ya hapo nenda dukani, bonyeza picha ya akaunti iliyo juu, toka, kisha uingie tena.

Kuna pia wanaotumia kompyuta ya shule au ya ofisi. Akaunti ya kazini si akaunti ya nyumbani, hata kama mtu ni mmoja. Kama kompyuta inasimamiwa na mwajiri, mwulize msimamizi wake kabla ya kubadilisha chochote.

Kama bado duka linagoma

Maliza kwanza masasisho yaliyobaki. Fungua Windows Update, ruhusu yote yamalizike, kisha uwashe kompyuta upya. Mara nyingi toleo kubwa huacha vipande vidogo nyuma, na duka lenyewe huenda likawa mojawapo.

Pili, safisha kumbukumbu za muda za duka. Bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi R, andika wsreset.exe, kisha bonyeza Enter. Dirisha jeusi litatokea na kukaa kimya. Usilifunge. Litajifunga, na duka litafunguka. Hatua hii haigusi faili zako.

Tatu, nenda Settings, kisha Apps, halafu Installed apps. Tafuta Microsoft Store, fungua Advanced options. Utaona Repair na Reset. Anza na Repair, ambayo haifuti data ya programu hiyo. Isiposaidia, tumia Reset, inayofuta data ya duka na kukutaka uingie upya. Barua, picha na hesabu zako zitabaki pale pale.

Jihadhari tu usichanganye Reset ya duka na Reset this PC. Ya kwanza inasafisha duka moja. Ya pili inaweza kusafisha kompyuta nzima. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza.

Ikiwa akaunti yenyewe imepotea

Sasa tatizo zito. Wakazi wengi walifunguliwa akaunti na barua pepe saiba, siku walipokuwa na haraka ya kupata PIN ya KRA au kuingia eCitizen. Mhudumu aliandika nambari ya simu iliyokuwepo siku hiyo, akabuni nywila, kazi ikaisha. Leo nambari ile haitumiki tena na nywila haijulikani. Duka linapotuma nambari ya uthibitisho, inakwenda kwa laini ambayo mwenyewe hanayo.

Akaunti ya namna hiyo inaweza kurejeshwa, lakini kwa subira. Mtu akibadilisha taarifa zote za usalama za akaunti ya Microsoft kwa sababu hana hata moja ya zile za zamani, husubiri siku 30 kabla mabadiliko kukamilika. Siku 30 ni mwezi mzima wa kazi. Ndiyo maana nambari ya simu inapaswa kusahihishwa leo, wakati ungali unaweza kuingia, kabla hujabonyeza kitufe cha toleo jipya.

Kuna sababu nyingine kubwa zaidi. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski yake kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker, na mwenyewe huenda hajui. Baada ya mabadiliko makubwa, au anapojaribu kuiweka upya, inaweza kumtaka aandike ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya akaunti yake ya Microsoft. Aliyepoteza akaunti amepoteza ufunguo, na bila ufunguo hakuna fundi wa Kibwezi, Kitui wala Nairobi atakayezitoa faili hizo. Ingia kwenye akaunti yako, tafuta ufunguo, uandike kwenye karatasi na uiweke mbali na kompyuta. Nakili pia faili muhimu kwenye diski ya nje.

Matapeli hupenda siku kama hizi

Mtu aliyefungiwa nje ana haraka, na mwenye haraka hudanganyika upesi. Akitafuta msaada anaweza kukutana na nambari ya simu ya mtu anayejiita wa Microsoft. Atamwambia aweke programu ya kumruhusu aione skrini, au amsomee nambari ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu. Kampuni haiwapigii watu simu bila kuombwa ili kuwarekebishia kompyuta. Nambari ya uthibitisho ni ufunguo wa nyumba. Haisomewi mtu, hata fundi mnayefahamiana. Fundi mwema atakuachia kiti uandike nywila mwenyewe.

Kuingia kwenye akaunti ya mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Aliyeibiwa apige ripoti kituo cha polisi kilicho karibu. Tukio linaweza pia kuripotiwa kwa KE-CIRT/CC, kitengo kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Wenye simu nao

Wengi hapa hawana kompyuta, lakini wana simu ya Android, na Play Store nayo hugoma baada ya toleo jipya. Mpangilio ni ule ule. Saa kwanza, iwe ya kujirekebisha. Kisha intaneti. Kisha nenda kwenye mipangilio ya programu, tafuta Google Play Store, ufute kumbukumbu zake za muda. Kuondoa akaunti na kuirudisha kuwe hatua ya mwisho, na kwa anayeijua nywila yake tu.

Usikubali simu irudishwe kama ilivyotoka kiwandani kwa sababu ya duka. Tangu Android 5.1, simu nyingi zikifutwa hivyo kutoka nje, bila kupitia mipangilio, huuliza akaunti ya Google iliyokuwemo. Asiyeikumbuka hubaki na simu isiyofunguka.

Na akaunti zinazolala nazo hufungwa. Google na Microsoft zote zina utaratibu wa kufunga akaunti isiyotumika kwa miaka miwili. Ingia hata mara moja kwa muda.

Daftari moja

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima wa ndengu anajua magunia mangapi yaliingia ghalani na mangapi yalitoka. Akaunti nayo ni mali. Kila nyumba iwe na daftari lenye barua pepe iliyotumika, nambari ya simu iliyosajiliwa na ufunguo wa BitLocker. Daftari hilo lifungiwe pamoja na hati ya shamba. Nywila ibaki kichwani, au iandikwe mahali pengine panapojulikana na mwenyewe.

Yule mama wa kibanda hakufuta kitu. Aliweka mwaka sawa, akawasha kompyuta upya, duka likafunguka, na kijana akaondoka na barua yake. Betri ilibadilishwa baadaye. Lakini jioni ile alifanya jambo ambalo linamfaa kila mmoja leo: aliingia kwenye akaunti yake, akaona nambari ya simu aliyoacha kuitumia zamani, akaibadilisha.

Ukifika nyumbani, fungua akaunti yako utazame ni nambari gani iliyoandikwa humo.