Sarafu Isiyo na Mwaka
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme juu ya kukusanya sarafu za kale za Kiislamu. Sitaanzia Baghdad wala Kairo, bali hapa hapa Kariakoo.

Tulipokuwa kidato cha pili, shangazi yangu wa Mtaa wa Swahili alinipa sarafu saba ndogo za shaba zilizookotwa ufukweni Kilwa. Siku moja njaa iliponishika nilizipeleka kwa fundi wa shaba. Akazitia mizanini, akanipa pesa ya chai na mihogo. Nikajiona mjanja.

Miaka mingi baadaye niliingia Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nikaziona nyingine kama zile ndani ya kioo. Niliona haya.

Zilipigwa na masultani wa Kilwa Kisiwani. Upande mmoja pana jina la mfalme, kama Ali bin al-Hasan. Upande wa pili, maneno ya kumtegemea Mungu, yenye kina kile kile cha jina lake. Yaani wazee wetu walitia vina hata katika fedha! Lakini mwaka hawakuuandika. Anayejua umri wa sarafu hizo ni udongo zilimolala.

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, wataalamu walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Pamoja nazo zilikuwamo dinari za dhahabu za Wafatimi, waliotawala Misri, na hizo zina mwaka. Ndipo ikajulikana kuwa katika karne ya 11 watu wa pwani walikuwa tayari wanapiga sarafu zao. Tena sarafu ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, ilipatikana Zimbabwe Kuu, katika nchi ya dhahabu. Kama zingeuzwa kimyakimya, zingekuwa bubu.

Ndugu zangu, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukiletewa barazani “fedha za Kilwa”, usinunue. Uliza zimeokotwa wapi, andika, kisha mwelekeze mwenyewe Makumbusho. Anayependa kukusanya na aanze na zile senti kumi zenye tundu za wakati wa mkoloni. Zina mwaka, na bei yake si kubwa.

Zangu saba, pengine sasa zimo katika chetezo cha mtu.