Samaki Wetu Hawakulogwa

Maneno ya hotuba iliyotolewa Igogwe, Wilaya ya Rungwe, na mwanachama mmoja mfugaji wa samaki, mbele ya wanachama wa tawi na wafugaji wenzake. Twaichapa karibu yote kama alivyoisema.

Najua wengi mmeacha chai haijachumwa, basi sitawachosha kwa utangulizi.

Kila mtu hapa anazo habari za lile beseni la sokoni. Mama mmoja wa kwetu alivua perege wake akaenda kuuza. Mnunuzi wa kwanza akapasua samaki, akakuta vidonge vya manjano ndani ya nyama, vikubwa kama punje za mtama. Akaminya kimoja, kikatoka kinyoo, kikajikunja juu ya kidole chake. Kelele zikapigwa. Beseni zima likamwagwa, na tangu siku hiyo ukitaja samaki wa Igogwe watu hutema mate. Fedha zile zilikuwa za sare na madaftari ya watoto.

Wala haikuishia hapo. Kumekuwa na maneno ya chini chini kwamba jirani fulani, ambaye bwawa lake lina nafuu, ametia kitu majini. Jina lake limetajwa vilabuni. Ndugu zangu, kwa maneno ya namna hii watu wamekwisha kuchomewa nyumba katika nchi hii. Ndiyo sababu nimeomba nafasi ya kusema.

Naanza na kinyoo chenyewe. Wataalamu hukiita Klinostomamu. Sisi na tukiite kinyoo cha manjano. Kilicho kizima hukaa kinywani na kooni mwa ndege walao samaki, korongo na wenzake. Hutaga humo, na ndege ainamishapo mdomo majini kuwinda, mayai huanguka. Yai likianguliwa latoka kidudu kisichoonekana kwa macho, na muda wake wa kuishi ni mfupi sana: yapasa kimpate konokono wa majini, ama sivyo chafa. Kikimpata chaingia mwilini mwake, chazaana humo, na baada ya majuma kadhaa konokono mmoja hutoa vidudu vyenye mkia kwa mamia. Hivyo ndivyo vimtobaovyo samaki ngozi. Vikiisha kuingia hujivika kifuko na kungoja. Vyangoja nini? Vyangoja korongo. Samaki akiliwa, kinyoo chapanda kooni mwa ndege, chakomaa kwa siku chache, na mambo yaanza upya. Samaki asipoliwa, kinyoo chaweza kukaa mwilini mwake hata miaka.

Angalieni sasa jambo moja, maana hapa ndipo penye shauri letu. Kinyoo hiki hakitoki kwa samaki kwenda kwa samaki. Ukiweka samaki mgonjwa na samaki mzima katika pipa moja lisilo na konokono, yule mzima atabaki mzima. Hakuna mtu awezaye kukitia bwawani mwa mwenzake kwa kunuia, wala kwa hirizi, wala kwa kupita usiku. Pasipo konokono, hakuna kinyoo cha manjano.

Sasa niseme jambo ambalo sikutaka kulisema.

Bwawa la juu kabisa kwenye kijito chetu ni langu. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda mabondeni kununua vifaranga, maana nilitaka niwe wa kwanza. Muuzaji alikuwa mwepesi wa kupokea fedha, mzito wa kueleza. Nami sikumwuliza lolote. Nikapewa vifaranga katika madumu, pamoja na maji ya kwake na majani ya majini, ati wasitaabike njiani. Nilipofika nikamwaga vyote bwawani: samaki, maji na majani. Niliona konokono wadogo wawili watatu wameshikilia majani yale, nikacheka. Leo ukipitisha mkono chini ya ukingo wa bwawa langu watoka na konokono kama mtu aliyechota maharage. Maji yatokayo kwangu yaingia kwa mama yule. Yatokayo kwake yaingia kwa jirani anayesingiziwa. Na bwawa la jirani lina nafuu kwa sababu ambayo kila mpita njia aweza kuiona: mtu yule hufyeka majani ya ukingoni kila juma, na konokono wake hawana pa kukaa. Kama mnamtafuta mchawi, ndiye huyu anayezungumza nanyi.

(Hapa watu walinyamaza, kisha mzee mmoja akasema, "Endelea, mwanangu.")

Ahsante, mzee. Wala tusidhani tumepatwa na jambo lisilopata kutokea. Kule Nyeri nchini Kenya, nchi ya milima, baridi na chai kama hii yetu, watafiti walipima perege na kambale wa mabwawa ya wakulima, na mwaka 2017 wakatoa taarifa ya minyoo waliyoikuta. Na hapa chini, Kyela, wavuvi wanamjua usipa mwenye tumbo lililovimba. Ukimpasua watoka utepe mweupe, mrefu kupita ungelivyodhani. Huyo ni tegu aitwaye Ligula, na watafiti wameandika habari zake katika Ziwa Nyasa, kama zilivyoandikwa za dagaa wa Ziwa Viktoria. Yeye hapiti kwa konokono; hupita kwa viduduchembe vya majini ambavyo samaki hula. Kazi yake ni kumnyima samaki uzazi. Samaki aonekana mzima, tena mnene, kumbe hana mayai.

Yuko na mwingine aendaye machoni, nduguye wa hiki cha manjano, naye hupita kwa konokono vilevile. Jicho la samaki lafanya ukungu mweupe, samaki haoni, huogelea juu juu kwa kubahatisha, na ndege humdaka bila taabu. Kinyoo kimempofusha samaki ili kipate njia ya kufika tumboni mwa ndege. Kuna watu wenye akili kama hiyo, lakini leo si siku yao.

Tena wako wale wadogo kabisa wakaao katika mashavu ya samaki na juu ya ngozi. Hawa hawahitaji konokono wala ndege. Hupita samaki kwa samaki, na hustawi pale samaki walipobanana na samadi imezidi. Dalili zake: samaki hujisugua, hutoa ute mwingi, mashavu hupauka. Hawa ndio chumvi yawasaidia. Chukueni gramu 10 za chumvi kwa kila lita ya maji safi, muwatie samaki kwa dakika kama 20 huku mkiwaangalia, na akilala ubavu mtoeni mara moja. Kambale wafaa wapewe pungufu. Lakini chumvi haifiki kwa kinyoo cha manjano, kwani kimelala ndani ya nyama. Mtu akiwauzia dawa ya kukitoa, mwulizeni yeye hupata wapi fedha ya kununulia samaki wake.

Iko taabu moja ya kwetu wenyewe, nayo ni baridi. Sato hupenda maji ya nyuzi 26 hadi 30, na maji ya Rungwe mara nyingi hayafiki huko. Basi samaki wetu hukua polepole, nasi huwaacha bwawani muda mrefu tukingoja wanenepe. Kila mwezi azidio kukaa kati ya konokono, ndivyo azidivyo kutobolewa. Wa mabondeni huvuna mapema, kabla vidonge havijawa vingi. Sisi twavuna vidonge.

Ndugu wanachama, wengine mmesema tufukie mabwawa tupande migomba. Nawaelewa. Lakini kumbukeni kwamba jambo hili limekwisha kufanyika mara moja katika nchi yetu. Majaribio ya kufuga perege yalianza mwaka 1949, wakati wa mkoloni, huko Korogwe na Malya. Mabwawa yakachimbwa, mengi yakafa. Baada ya Uhuru, mwaka 1967, Serikali yetu wenyewe ikafanya kampeni ya nchi nzima, na ilipofika 1968 yalihesabiwa mabwawa 8,000. Hesabu ya kupendeza kuisoma jukwaani! Lakini mengi yalikuwa madogo, utunzaji ulikuwa mbaya, na mavuno yakawa haba sana. Kampeni ile haikufaulu. Samaki hawakukataa siasa yetu. Sisi ndio tuliohesabu mashimo tukasahau kuyatunza. TANU ilipotaja ujinga, umaskini na maradhi kuwa maadui wa nchi, haikusema kwamba adui hao hukaa kila mmoja katika nyumba yake. Katika bwawa langu wamekaa wote watatu.

Basi la kufanya ni nini? Vijana wamesema tuwapige korongo kwa manati. Mkimwua mmoja, kesho atakuja mwingine kutoka Kyela. Konokono ndiye asiye na mabawa. Korongo tumzuie tu: tuufanye ukingo uwe wa kushuka ghafla, asipate pa kusimama, na tuvute kamba juu ya maji.

Wengine wamesema tutie mrututu. Nasema hapana, na naomba Mwenyekiti aliandike neno hili. Mrututu huua konokono, na huua samaki pia. Tena kijito hiki chanywewa chini, nacho hakiishii hapa. Maji ya Rungwe mwisho wake ni Ziwa Nyasa. Hatuwezi kuponya samaki wetu kwa kuwanywesha watu wengine sumu.

Njia iliyo salama ni ya jembe. Bwawa livunwe lote, maji yatolewe yote, tope la chini lichotwe, majani yang'olewe na kuchomwa, na chini paachwe pakauke mpaka pafanye nyufa. Kwetu kwenye mvua nyingi hivi, wakati wa kufanya hivyo ni mmoja tu: mwisho wa kiangazi, Agosti na Septemba. Kisha chokaa iliyochomwa, ile isiyozimwa, kilo 10 hadi 15 kwa kila eneo la mita 10 kwa 10, inyunyizwe hata kwenye kuta na mahali penye unyevu, maana hapo ndipo konokono hujificha. Ajihadhari mtu na macho yake, chokaa hii huunguza. Maji yakirudi, mngoje majuma mawili kabla ya kutia samaki. Mahali maji yaingiapo pawekwe wavu wa matundu madogo. Bata wakiruhusiwa kupita watasaidia, kwani hula konokono. Hata samaki wako walao konokono: kule Malawi, ziwa hili hili, wavuvi walipowamaliza samaki wa namna hiyo karibu na pwani, konokono walizidi, na watafiti wakaona kichocho kinaongezeka kwa watu. Nanyi akina mama, kwa ajili ya kichocho hicho, wakatazeni watoto kukojoa bwawani.

Lakini yote haya ni bure akifanya mtu mmoja. Nikikausha mimi, wewe wa katikati ukaacha, wa chini yako atapata konokono wako mvua ya kwanza. Wala asianze wa chini kabla ya wa juu. Ni lazima tuanze juu, tushuke, tena katika juma moja.

Mmeniuliza kama samaki hawa wanalika. Wanalika wakipikwa mpaka nyama yote iive. Moto huua kinyoo. Huko Japani na Korea wako watu waliopata kinyoo hiki kooni kwa sababu walikula samaki mbichi. Sisi hatuli mbichi, ila naona vijana wanaobanika juu juu kwa haraka ya pombe, na hao nawaonya. Kwa kuuza, hapana. Tusipeleke sokoni samaki mwenye vidonge tukitumaini mnunuzi hana macho. Wavuliwao safari hii tuwale nyumbani, na matumbo yafukiwe, yasitupwe ukingoni kwa ndege.

Samaki wadogo tutakaowakuta wasirudishwe majini. Najua hili lauma. Vifaranga vipya vitoke mahali panapojulikana. Ziko stesheni za Serikali, kama Ruhila ya Songea na Kingolwira ya Morogoro, na Bwana Samaki wa wilaya aweza kutuelekeza palipo karibu. Wakifika wakae kwanza majuma mawili katika tangi la peke yao, na maji waliyosafiri nayo yamwagwe mbali na kijito. Jani hata moja lisiingie.

Nimezungumza na Katibu habari ya chokaa. Tutanunua kwa pamoja na kila mtu atalipa kwa ukubwa wa bwawa lake. Vifaranga vya yule mama nitavilipa mimi. Na jirani yangu, ambaye leo ameketi pale nyuma peke yake, namwomba mbele yenu wote aje asimamie kazi ya kufyeka, maana yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiifanya.

Tutaanza kwangu, Jumatatu ya kwanza ya Septemba, saa moja asubuhi. Njooni na majembe, sepeto na ndoo. Pampu hatuna. Chakula cha mchana kitapikwa kwangu: ndizi na maharage.