Upande wa Pili wa Santuri: Zama Kuu za Rumba ya Kongo Ziliisha Lini?

Zama kuu za rumba ya Kongo huhesabiwa kuwa ziliisha tarehe 12 Oktoba 1989, siku Luambo Makiadi, yaani Franco, alipofariki nchini Ubelgiji. Mwanzo wake hauna ubishi mwingi: Wendo Kolosoy na "Marie-Louise" mwaka 1948, African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956. Hayo yanajulikana. Kinachohitaji kuchunguzwa ni huo mwisho, kwa sababu umekubaliwa kabla ya kupimwa.

Hoja ya 1989 imejengwa juu ya kaburi moja. Kabasele, aliyeitwa Grand Kallé na ambaye bila yeye pasingekuwa na zama za kufunga, alizikwa mwaka 1983, na hakuna aliyetangaza kwamba rumba imekwisha. Docteur Nico, aliyelifundisha gitaa la Kongo kuimba, alifariki Septemba 1985. Naye alizikwa peke yake, bila zama. Tabu Ley Rochereau aliishi hadi Novemba 2013. Kwa hesabu ya makaburi, basi, zama zilipaswa kumsubiri yeye, na hakuna mwanahistoria anayethubutu kusema hivyo. Tena Franco mwenyewe ni shahidi mbaya kwa wanaomwita mahakamani. "Mario" ya mwaka 1985, kazi yake iliyovuma kuliko nyingi, ni suto refu la zaidi ya dakika kumi, mzee akimsema kijana msomi anayekula jasho la mwanamke. Ni kazi kubwa, lakini si ya umbo lile la miaka ya 1960. Miaka minne kabla ya kifo chake, Franco alikuwa amekwisha kuhama nyumba ambayo inadaiwa ilianguka naye.

Waingereza wana ubishi kama huo kuhusu roki ya progresivu. Albamu ya kwanza ya King Crimson ilitoka Oktoba 1969, miezi miwili kabla orkestre ya vijana, Zaiko Langa Langa, haijaundwa Kinshasa. Robert Fripp, kiongozi wake, aliivunja King Crimson mwaka 1974, na wapo wanaosimamisha saa hapo hapo. Wengine huwalaumu vijana wa panki wa 1976 na 1977, ingawa Pink Floyd walitoa The Wall mwaka 1979 na dunia ikainunua. Jambo la kuazima kutoka kwao ni hili: ubishi wao haungojei mtu afe. Huuliza kama lile umbo bado lipo, yaani wimbo unaojaza upande mzima wa santuri kubwa, kama Yes walivyofanya mwaka 1972 kwa Close to the Edge.

Kwa rumba, umbo hilo liko kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45, na hakuna hati inayoizidi kwa ushahidi. Upande mmoja hubeba dakika nne au tano tu. Kwa hiyo watunzi wa Kinshasa waliukata wimbo mara mbili: upande wa kwanza maneno, sauti mbili tatu zikipokezana, saksofoni na tarumbeta zikijibu, upande wa pili sebene, magitaa yakisukana na mchezaji akiachiwa uwanja. Lebo iliyo katikati husema yote kwa Kifaransa: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, jina la mtunzi, jina la orkestre. Kati ya sehemu hizo paliingia kimya. Katika nyumba moja ya Butembo, huku mashariki mwa Kongo, iliyokuwa na gramafoni ya betri, mtoto ambaye miaka mingi baadaye angesimama kutoa mhadhara kama huu alipewa kazi moja kila Jumapili: kugeuza santuri. Juu ya mkono wa sindano iliwekwa sarafu ya makuta ili isiruke. Wageni walisimama wawili wawili katikati ya sebule, hawajaachiana mikono, wakimngoja mtoto. Kimya kile kilikuwa sehemu ya wimbo.

Wapo wanaorudisha mwisho nyuma hadi Desemba 1969, Zaiko ilipoanza na baadaye kuziacha ala za kupuliza. Hoja hii ina uzito kuliko ile ya 1989, lakini haitoshi: miaka ya 1970 OK Jazz, orkestre ya Franco, ilizidi kupanuka, na vijana wa Zaiko nao waliendelea kukata nyimbo zao kwenye santuri za 45. Kilichobomoa zaidi ni uchumi baada ya Zairianisheni ya Novemba 1973, biashara za wageni zilipotwaliwa, na kushuka kwa bei ya shaba. Wanamuziki wakatawanyika: Sam Mangwana akaenda Abidjan, wengine Paris na Brussels, na wengi wakaja mashariki.

Hapo ndipo hesabu ya Butembo inapoachana na ya Kinshasa. Butembo iko karibu na Nairobi kuliko mji mkuu wake, na wafanyabiashara wake walizoea njia ya Kasindi, mpakani na Uganda. Baba Gaston alihamia Nairobi mwaka 1975, Super Mazembe walikuwapo tangu 1974, na mwaka 1981 Samba Mapangala akaunda Orchestra Virunga. Mtu wa Matadi, upande wa bahari, alichukua jina la milima ya huku! Orkestre hizi ziliimba Kilingala na Kiswahili, na Virunga iliitunza saksofoni wakati Kinshasa inaiacha. Katikati ya miaka ya 1980 Kenya ilibana vibali vya wanamuziki wa kigeni. Super Mazembe ikavunjika mwaka 1985.

Basi mwaka unaostahili ni 1985. Itasemwa kwamba huo pia una kaburi, la Nico, na kwamba mwenye kuyakataa makaburi mlangoni ameyaingiza dirishani. Hata hivyo mwaka haubadiliki. Kufikia hapo kaseti ilikuwa imeshika soko. Wimbo ulipita kutoka maneno hadi sebene bila kukatika, na hakuna aliyehitaji mtoto wa kugeuza.