Televisheni Yenye Chogo



Jumapili iliyopita nilikuwa kwetu Jang'ombe, nimekaa barazani nangoja chai, mara akapita kijana na gari lake la kusukuma huku kipaza sauti kikinadi: mabati mabovu, betri mbovu, masufuria yaliyotoboka na televisheni zenye chogo. Dada yangu akatoka mbio. "Kijana, ngoja! Iko moja ndani."

Nikajua ni ipi. Nikainuka nikasimama mlangoni.

"Hiyo haiuzwi," nikasema.

"Haiuzwi kwani inaonesha nini?" dada akaniuliza. "Wenzako wote wana za ukutani. Kama unaipenda sana, ichukue ukakae nayo kwako."

Mazungumzo yangu ya wiki hii yametokana na maneno hayo. Dada yangu ana haki yake, maana nyumba ni ndogo na lile dude limekalia nafasi ya kabati zima. Lakini nyuma yake, ndani ya mfuko wa plastiki, mna mashine ya gemu aliyotuletea ami yetu kutoka Maskati mwaka 1993, na mashine hiyo bila televisheni ile ni nusu ya kitu.

Wenye umri wangu watakumbuka. Sisi wa Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wenzetu wa Bara walingoja mpaka 1994 kupata kituo chao cha kwanza. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mizigo ya Dubai ikamiminika Darajani, na gemu zilipokuja zikakuta televisheni zinazisubiri. Yetu ilikuwa ya kuigiza. Ile ya asili, Famicom, ilitolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani tarehe 15 Julai 1983. Yetu ilifanana nayo kwa sura na ilicheza michezo ile ile. Juu ya kaseti yake paliandikwa kwamba ina michezo mamia kwa mamia. Tulipoihesabu tukapata kumi na kitu. Iliyobaki ni ile ile, imebadilishwa majina tu.

Padi zilikuwa mbili na watoto kumi na wawili. Sheria ilikuwa moja: ukifa, unampisha mwenzako. Na hakuna kugusa kabla ya kurudi chuoni, wala baada ya adhana ya Magharibi. Mama hakuwahi kukaa akautazama mchezo wenyewe, lakini muziki aliujua wote. Nilikuwa nikimsikia uani anakuna nazi huku anauvumisha ule wimbo wa Mario, na pale unapopanda juu, mbuzi nayo inaongeza kasi.

Wimbo huo aliutunga Mjapani Koji Kondo kwa mchezo uliotoka mwaka 1985. Watu huudharau muziki wa gemu wakiuita kelele za kitoto. Basi fikiria: Nadi Ikhwani Safaa pale Malindi wana fidla, ganuni, kodiani na waimbaji jukwaa zima. Kondo alikuwa na kijidude kimoja chenye sauti tano. Mbili za kubeba lahani, moja ya besi, moja ya mvumo kama wa mchanga unaochekechwa, hiyo ndiyo ngoma, na ya tano ya vijisauti vifupi vilivyorekodiwa. Tena sauti hizo hizo ndizo zinazotumika mtu akiruka au akiokota sarafu. Ndani ya umaskini huo akatoa wimbo ambao Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza mwaka 2023 katika orodha ya rekodi za kuhifadhiwa, ukiwa muziki wa kwanza wa gemu kupata heshima hiyo.

Sasa, mpwa wangu anao mchezo huo kwenye simu yake. Akaniambia, "Mjomba, ya nini takataka hiyo? Huu hapa." Akaucheza. Nikasikiliza, nikasema, "Mbona unakimbia?" Akacheka, akidhani uzee umeanza.

Haukuwa uzee. Mchezo ule ulitungwa kwa televisheni za Japani, zinazotoa picha 60 kwa sekunde, na muziki wake unahesabu mapigo kwa picha hizo. Televisheni zetu zilikuwa za picha 50, na ile mashine yetu ya kuigiza ilitengenezwa kuzifuata. Wimbo wa dakika moja kule Japani, chumbani mwetu Jang'ombe ulichukua sekunde 72. Kwa hiyo ule alioimba mama akikuna nazi ni wimbo wa Mario uliotembea kwa mwendo wetu. Simu ya mpwa wangu haina huo.

Kuna na bunduki. Mnaikumbuka bunduki ya kupigia bata? Ukivuta kifyatuo, kioo kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha pale alipo bata panatokea mraba mweupe. Jicho lililomo ndani ya mtutu likiuona mwanga huo kwa wakati wake, bata kaanguka. Televisheni ya ukutani hupokea picha, ikaichambua kwanza, ndipo ikaionesha. Mwanga unachelewa, na bata haanguki hata ukimwekea mtutu kifuani.

Habari ya mashine sina wasiwasi nayo. Kampuni yenyewe kule Japani iliacha kuitengeneza Famicom kwa wateja mwaka 2007, vipuri vikiwa vimekwisha. Lakini fundi wetu wa redio hajaacha. Hewa yetu ya chumvi inakula meno ya kaseti, nasi utotoni tulikuwa tukiyapuliza kwa mdomo, kumbe tunaongeza unyevu. Yeye huyafuta kwa pamba na spiriti, basi. Baada ya ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010, sikuichomeka mpaka alipoikagua adapta. Anachokosa sasa ni televisheni ya kuijaribia.

Na zinakwenda wapi? Nilimuuliza yule kijana wa gari. Hakunificha: wanazipasua kutoa koili ya shaba iliyo shingoni mwa chogo, kioo wanakitupa. Kioo hicho kina madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Huwezi kumlaumu kijana anayetafuta riziki. Ila tusijidanganye kwamba tukishamuuzia, uchafu umeondoka mjini. Umehama mtaa tu.

Basi tulipatana, mimi na dada. Kijana alipata betri mbili mbovu na sufuria, tena akanisaidia kuibeba televisheni hadi kwenye teksi, maana ni nzito kama gunia la mchele. Sasa iko kwangu chumbani, juu ya sanduku, bunduki inaning'inia pembeni. Mke wangu bado hajasema neno.