Nyumba Bora Huanzia kwenye Mpaka wa Shamba



Nyumba ya mwananchi wa kijijini inapozungumzwa, mazungumzo huelekea kwenye bei ya saruji na mabati. Hiyo ni sawa. Lakini katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Sirari, mpakani mwa Tanzania na Kenya, gharama ya nyumba huanza kabla ya tofali la kwanza. Huanza kwenye shamba lililokatwakatwa.

Kwa desturi ya Wakurya, ardhi ya baba hugawanywa kwa kufuata nyumba za wake zake, na wana wa kila nyumba hugawana fungu la mama yao. Desturi hiyo ilifaa ardhi ilipokuwa tele. Leo hesabu imebadilika. Eka 6 zikigawanywa kwa wana 3, kila mmoja hupata eka 2. Naye akiwa na wana 4, kila mjukuu huambulia nusu eka. Hapo hapo pahitajika nyumba, jiko, choo, zizi na mahindi ya mwaka mzima.

Matokeo yake ni dhahiri. Mwenye kipande chembamba hujenga kibanda ili asipunguze mahindi. Ambaye mpaka wake unabishaniwa hujenga kwa miti na udongo, kwani hasara yake si kubwa nyumba ikibomolewa. Lori halina njia katikati ya vipande, hivyo mchanga hubebwa kichwani. Bomba la maji nalo hulazimika kuifuata kaya moja moja.

Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976 ilitambua kwamba nyumba zilizo karibu hupunguza gharama ya huduma; kosa lake lilikuwa kuwahamisha wengi kwa nguvu. Ng'ambo, Kenya ikiwa bado koloni, mpango wa Swynnerton wa 1954 ulihimiza kuunganisha vipande na kutoa hati kwa mtu binafsi. Hata hivyo, hati haikuzuia mirathi kuikata ardhi upya.

Hapana budi, basi, makubaliano ya familia yatangulie. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa hata kwa familia au kikundi. Ndugu waweza kutenga sehemu moja ya makazi, yenye njia na kisima cha pamoja, na kuliacha shamba lililobaki likiwa zima. Sheria hiyo pia inabatilisha desturi inayomnyima mwanamke ardhi; kwa hiyo mjane na binti wana haki ya kuketi katika kikao hicho. Kijiji nacho, chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, chaweza kutenga eneo la makazi.

Mtendaji wa kijiji ahimize vikao hivyo wazee wakiwa bado hai, kabla ugomvi haujafika barazani. Mwalimu naye aifundishe hesabu ya eka 6 darasani, kwa kuwa warithi wa kesho ndio wanafunzi wake wa leo.