Data za Wagonjwa wa Songwe: Nani Azitunze, Nani Azitumie, Nani Arejeshewe

Mada kwa warsha ya wahadhiri, watafiti na wasimamizi wa vituo vya afya, Tunduma

Utangulizi



Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na sensa ya 2022 iliukuta na wakazi zaidi ya milioni 1.3. Kiutawala ni mkoa mchanga, lakini watafiti wa afya wanaufahamu tangu ulipokuwa sehemu ya Mbeya. Wamekuja kupima VVU, kifua kikuu, kichocho na tegu. Wamepokelewa vizuri, wamepewa chumba kituoni, muuguzi wa kuwasaidia na wagonjwa waliokubali kutolewa damu na kujibu maswali ya saa nzima. Kazi ikiisha, madodoso hufungwa kwenye maboksi, mafaili huingia kwenye kompyuta ya mtafiti mkuu, na makala huchapishwa kwenye jarida ambalo mganga mfawidhi huenda asilione kamwe.

Hoja yangu katika mada hii ni moja. Data zilizokusanywa kwa wagonjwa wa mkoa huu zitunzwe na chuo kikuu kama taasisi, wala zisiachwe mikononi mwa mtafiti mmoja. Zitolewe kwa masharti yanayojulikana kwa kila mwenye swali la maana la kisayansi. Na kituo zilikotoka kiwe cha kwanza kurejeshewa matokeo.

1. Mfano wa hapa hapa: tegu na kifafa

Ugonjwa wa tegu wa nguruwe mnaujua. Nguruwe anayezurura hula kinyesi chenye mayai ya tegu. Mtu akila nyama yake isiyoiva, hupata tegu tumboni. Na mtu akimeza mayai yenyewe, kwa maji, mboga au mikono isiyonawa, viluwiluwi vyaweza kujikita ubongoni na kusababisha kifafa. Katika vijiji vyetu mgonjwa wa namna hiyo bado huambiwa amerogwa, akaachishwa shule au akakosa mchumba.

Kati ya 2018 na 2020 mradi wa SOLID uliandikisha wagonjwa katika vituo vitatu vya nyanda hizi: Tunduma, Vwawa na Ifisi. Uliunganisha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich cha Ujerumani, na wenzao wa Zambia. Lengo lilikuwa kujua kama kipimo cha haraka kilichobuniwa Marekani chaweza kugundua tegu katika kituo kisicho na maabara kubwa. Wagonjwa waliohitaji picha ya CT ya ubongo walisafirishwa hadi Mbeya mjini.

Tutazame thamani ya data za utafiti kama huo. Ndani yake kuna umri na kazi ya mgonjwa, mwaka alioanza kuanguka, majibu ya damu na kinyesi, na picha ya ubongo. Swali la kwanza la utafiti likishajibiwa, yako maswali mengine kumi ambayo hayajaulizwa. Mwanafunzi wa udaktari bingwa anaweza kutafuta uhusiano kati ya idadi ya viluwiluwi ubongoni na aina ya kifafa. Mtaalamu wa afya ya jamii anaweza kulinganisha kata na kata. Upande wa nguruwe, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamekuwa wakiufuatilia kwa miaka. Data za binadamu zikikaa kwenye nyumba moja na za nguruwe kwenye nyumba nyingine, tunautibu ugonjwa mmoja kwa macho mawili yasiyoonana. Zikikutanishwa, hakuna mgonjwa atakayetobolewa upya kwa jambo ambalo damu yake ilishalijibu.

2. Ahadi ya "zinapatikana kwa maombi"

Majarida mengi sasa humtaka mwandishi aseme data zake ziko wapi. Majarida ya PLOS yalianza kudai hivyo mwaka 2014, na wahariri wakuu wa majarida ya tiba waliweka sharti la aina hiyo kwa majaribio ya kitabibu tangu Julai 2018. Njia rahisi ya kutimiza sharti ni kuandika kwamba data zinapatikana kwa maombi kwa mwandishi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwaandikia waandishi wa makala 1,792 waliokuwa wameahidi hivyo. Waliotoa data walikuwa 122. Wengine wote hawakujibu au walikataa. Si lazima tuwaone watu hao kuwa wachoyo. Mtafiti huhama chuo, anwani ya barua pepe hufa, kompyuta huibiwa, na msaidizi aliyejua maana ya safu iitwayo "q17b" huenda ameshaajiriwa kwingine. Ahadi ya mtu mmoja haiwezi kuishi muda mrefu kuliko ajira yake. Taasisi inaweza.

3. Kufuta jina hakutoshi

Wengi wetu tumefundishwa kwamba ukishafuta safu ya majina, data ni salama. Kwa mji wa mpakani kama Tunduma, hilo ni hatari, na ninaomba tulitazame kwa karibu.

Chukueni kadi ya kliniki ya tiba na matunzo (CTC) ya mtu anayeishi na VVU. Namba yake ina tarakimu 14: mbili za mkoa, mbili za wilaya, nne za kituo, na sita za mgonjwa mwenyewe. Mwanafunzi akifuta jina lakini akaiacha namba ili asichanganye wagonjwa, faili lake bado linataja mkoa, wilaya na kliniki, na yeyote mwenye rejesta ya kituo hicho atamfikia mgonjwa kwa dakika moja.

Au tuchukue mstari huu wa kubuni: mwanamke, miaka 39, mama lishe, Kata ya Chapwa, watoto pacha, kifafa tangu 2015. Hakuna jina wala simu. Lakini mtu wa Chapwa akiusoma, hatahitaji jina. Katika jiji la mamilioni maelezo hayo huwahusu wengi. Katika kata moja humwangukia mtu mmoja. Hali ni hiyo hiyo kwa dereva wa lori wa umri fulani, raia wa nchi fulani, aliyelazwa tarehe fulani foleni ilipokwama mpakani.

Picha za CT zina mtego wake. Faili la picha hubeba ndani yake jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali, hata kama jedwali la data limesafishwa. Zaidi ya hapo, picha ya kichwa kizima yaweza kugeuzwa kuwa sura. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic nchini Marekani walichukua picha za MRI za watu 84 waliojitolea, wakaunda sura kutokana nazo, kisha wakazilinganisha na picha za kawaida kwa programu ya kutambua nyuso. Programu ilipatia watu 70. Kwa hiyo picha za ubongo zinazotoka nje ya hospitali ziondolewe maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, na sehemu ya uso ifutwe.

Pamoja na hayo, ulinzi unawezekana, na Tanzania tayari ina mfano. Data za tafiti za kitaifa za demografia na afya, zilizoanza hapa nchini mwaka 1991, zimekuwa zikitolewa kwa watafiti wa dunia nzima waliojiandikisha na kueleza matumizi yao. Mahali pa kila eneo lililotembelewa husogezwa kwa makusudi kwenye ramani: hadi kilomita 2 mjini, na hadi 5 vijijini, huku maeneo machache ya vijijini yakisogezwa hadi 10. Mtafiti hupata picha ya wilaya bila kuweza kuifikia kaya. Utaratibu huo umezaa tasnifu nyingi na haukufunga mlango kwa mtu.

4. Sheria inasemaje

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inataka ridhaa ya maandishi kabla ya kuzichakata, isipokuwa katika mazingira ambayo sheria yenyewe imeyataja. Imeweka pia masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo na inafanya kazi. Juu ya hayo, utafiti wa afya unahitaji kibali cha maadili, na data zinapopelekwa nje huhitaji mkataba wa uhamishaji unaosimamiwa kupitia NIMR.

Baadhi ya wenzetu huisoma sheria hii kama amri ya kufunga kabati. Mimi naisoma kama amri ya kujua funguo ziko kwa nani. Faili linalosafiri kwa flashi kutoka kwa msaidizi hadi kwa rafiki yake linavunja sheria. Faili lililo kwenye hazina ya chuo, lenye orodha ya waliolifungua na sababu zao, linaitii.

5. Mpaka hausubiri

Mei 2020, maambukizi ya Uviko-19 yalipopanda Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia iliufunga mpaka huo kwa muda. Malori yalipanga foleni, na biashara ya mji huu ikasimama. Ugonjwa ulivuka barabara kwa hatua chache, ilhali data za upande mmoja zilikuwa mbali na wataalamu wa upande wa pili.

Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Mama anaweza kuanza kliniki Nakonde akajifungulia Tunduma, na mgonjwa wa kifua kikuu akaanza dawa Tunduma akazimalizia Zambia. Katika data za upande mmoja anaonekana ametoroka matibabu, na katika data za upande wa pili anaonekana mgonjwa mpya. Zambia nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2021. Nchi zote mbili zina sheria, kwa hiyo msingi wa makubaliano kati ya chuo na chuo upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuandika makubaliano hayo kabla ya mlipuko unaofuata.

6. Hofu ya watafiti, na jibu lake

Mtafiti aliyekesha akijaza madodoso anaogopa kwamba mwenzake wa Ulaya, mwenye wataalamu watano wa takwimu, atachapisha kabla yake. Hofu hiyo ina msingi, na haitaondolewa kwa hotuba za uwazi wa sayansi. Inaondolewa kwa kanuni tatu. Kwanza, waliokusanya wapewe muda maalumu wa kutumia data peke yao, na muda huo ukiisha mlango ufunguliwe. Pili, anayeomba kutoka nje ashirikiane na mtafiti wa hapa tangu swali linapotungwa, badala ya kumwongeza jina wakati wa kuchapisha. Tatu, data zenyewe zitajwe kama kazi ya kitaaluma, na chuo kizihesabu katika kupandisha watu vyeo.

Gharama nayo ina majibu. Taasisi za Afya za Taifa za Marekani, ambazo hufadhili utafiti mwingi katika ukanda huu, zilianza kudai mpango wa kutunza na kushirikisha data tarehe 25 Januari 2023, na zinaruhusu gharama zake ziingizwe kwenye bajeti ya maombi. Tusipoziandika, kosa ni letu.

7. Mapendekezo

Nayaelekeza kwanza kwa ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Mbeya, iliyo jirani yetu wa karibu, na kwa chuo chochote kinachofanya utafiti Songwe.

(a) Chuo kiwe na hazina ya data na msimamizi mwenye cheo na mshahara. Tasnifu yenye data za wagonjwa isipitishwe mpaka data hizo, dodoso na kamusi inayoeleza kila safu viwe vimekabidhiwa.

(b) Data ziwe za madaraja matatu. Madodoso, kamusi na majumlisho yawe wazi kwa wote. Data za mgonjwa mmoja mmoja zilizosafishwa zitolewe kwa maombi. Picha za kichwa, majibu ya vinasaba na ufunguo wa utambulisho, yaani orodha inayounganisha namba na majina, visomwe ndani ya chuo tu.

(c) Maombi yaamuliwe na kamati yenye mjumbe kutoka ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa wa Songwe na mjumbe wa jamii, na iwe na siku maalumu za kutoa jibu, ili ukimya usigeuke kukataa.

(d) Fomu ya ridhaa iwe na kipengele cha pekee kuhusu matumizi ya baadaye, mgonjwa aweze kukubali utafiti na kukataa kipengele hicho. Kisomwe kwa Kiswahili chepesi na, kwa wazee, kwa Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali.

(e) Kabla ya makala kuchapishwa, kituo kipokee ripoti fupi kwa Kiswahili na nakala ya data zake chenyewe, pamoja na siku moja ya kuzijadili na wauguzi waliozikusanya. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa tuitekeleze kwa maana yake ya moja kwa moja.

Hitimisho

Mgonjwa wa kifafa aliyepanda gari kutoka Tunduma kwenda kupigwa picha Mbeya alitupa kitu ambacho hatuwezi kukinunua. Alikubali kwa kuamini kwamba kitawasaidia wengine. Data zake zikipotea kwenye kompyuta iliyokufa, tumevunja imani hiyo sawasawa na kama tungezimwaga hadharani.

Ndugu Mwenyekiti, naomba warsha hii isifungwe kabla ya kuamua mambo mawili. La kwanza, iundwe orodha ya tafiti zote za afya zilizofanyika katika mkoa huu tangu 2016, ikionyesha data za kila utafiti ziko wapi na kwa nani. La pili, kila chuo kilichowakilishwa hapa kimtaje mtu mmoja atakayeijaza orodha hiyo na tarehe ya kuikabidhi kwa mkoa. Kazi hiyo haihitaji mfadhili, na bila hiyo hatutajua hata tunachotaka kushirikishana.